Miaka ya Mti, Miaka ya Chombo

Mti unaofaa kutoa mkuku, yaani uti wa mgongo wa chini, wa jahazi la kiasi huwa umesimama msituni miaka 80, 100, pengine zaidi. Msumeno wa injini unauangusha kwa dakika chache. Fundi aliyenilea katika kazi hii hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini gogo likiletwa gudini, mahali pa kuundia vyombo, alikuwa na mazoea yake: alilipangusa kichwa kwa kiganja, akalilowesha maji kidogo ili miviringo ionekane, kisha akaniita nihesabu kutoka kiini hadi gome. Nikipotea katikati, naanza upya. Nikimaliza ananiuliza, "Haya, mwanangu, chombo tutakachounda kwa gogo hili kitakaa majini miaka mingapi?"

Si kila mti unahesabika hivyo. Miti mingi ya nchi za joto haina miviringo ya mwaka iliyo dhahiri, na hapo inabidi umuulize bwana misitu au wazee wanaoujua msitu wenyewe. Lakini swali lile halibadiliki, na limenifunza wajibu wa kazi hii kuliko semina yoyote. Mti ukichukua miaka 100 kukomaa na chombo kikaoza baada ya miaka 15, basi kabla mche uliopandwa leo haujafikia unene wa ule uliokatwa, tutakuwa tumeangusha karibu miti saba. Chombo kikidumu miaka 50, ni miwili tu. Watu wakizungumzia mazingira na vyombo vya mbao, wengi huanza na aina ya mti: upi ukatwe, upi uachwe. Ni jambo zito na nitalifikia. Kwa ninavyoona mimi, la kwanza kabisa ni umri wa chombo, na umri huo uko mikononi mwa fundi kwa kiasi kikubwa kuliko wengi wetu tunavyokubali.

Wageni wa kazi hii hudhani bahari ndiyo inayoozesha mbao. Sivyo. Kuvu wanaoozesha mbao hustawi kwenye maji ya mvua na hewa iliyosimama, na chumvi huwazuia. Ndiyo maana unaweza kukuta jahazi zima kabisa chini, kule kunakolowa usiku na mchana, huku juu limekwisha: chini ya sitaha, kwenye kona za tezi, yaani nyuma ya chombo, mahali ambapo maji ya mvua yanatuama na upepo haupiti. Kwa hiyo kila taruma, yaani ubavu wa ndani unaoshikilia mbao, tunaliachia upenyo kwa chini ili maji yateremke hadi ngamani, sakafuni kabisa mwa chombo, yakachotwe. Tunaacha matundu ya hewa hata pale mteja anapotaka pafungwe papendeze. Na mwenye chombo tunamwambia aoshe sitaha kwa maji ya chumvi, asitumie ya bomba. Wengine hushangaa, lakini wanaofuata hurudi kwetu kwa marekebisho madogo tu.

Chini ya maji adui ni mwingine. Yuko mdudu atobolaye mbao ambaye, ukimchunguza, ni wa ukoo wa chaza, ingawa mwili wake ni mrefu kama mnyoo. Huingia kwa tundu dogo lisiloonekana, akanenepa ndani kwa ndani akifuata urefu wa ubao. Kwa macho ubao ni mzima. Ukiupiga kwa kichwa cha nyundo, mlio unakuwa mtupu, na ncha ya kisu ikisukumwa inazama bila kugoma. Kuusikiliza ubao ni ujuzi ambao mwanafunzi huupata kwa kurudia tu: piga, sogea, piga, sogea, kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, pande zote mbili. Mimi bado naifanya kazi hiyo mwenyewe kila chombo kinapopandishwa nchi kavu, kwa sababu ubao mmoja ukigunduliwa mapema unabadilishwa mmoja, na ukigunduliwa umechelewa unabadilishwa pamoja na jirani zake na mataruma yaliyo nyuma yake.

Hapo ndipo linapoingia jambo ninalolisisitiza kwa vijana kuliko yote: unda chombo kwa namna ambayo fundi mwingine ataweza kukifungua. Msumari wa shaba uliokunjwa kwa ndani unaweza kukatwa, ukatolewa, na ubao ukashuka bila kupasuka. Parafujo nayo hufunguka. Gundi za kemikali za siku hizi zina nguvu ajabu, na kuna mahali zinafaa, lakini chombo kilichogandishwa kila kiungo hakifunguki. Ukitaka kubadilisha kipande kimoja unakata vitatu. Nimewahi kuletewa mashua ya namna hiyo. Mbao zake nyingi zilikuwa nzima, ila hatukuweza kuziokoa, na zilichomwa moto huku tukizitazama. Iliniuma.

Madini nayo yasichanganywe ovyo. Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilifunika sehemu ya chini ya meli yake HMS Alarm kwa mabamba ya shaba ili kuzuia wadudu na uchafu wa bahari. Shaba ilifanya kazi yake vizuri, lakini meli ilipokaguliwa baadaye ikaonekana chuma kilichogusana na shaba kimeliwa vibaya, kwa sababu madini mawili tofauti yakikutana ndani ya maji ya chumvi moja humla mwenzake. Bado leo ninaona vyombo vilivyopigiliwa misumari ya shaba hapa na ya chuma pale, kwa kuwa ya shaba iliisha na hakuna aliyetaka kusubiri. Chombo hicho kimekwisha kuibiwa miaka yake kabla hakijashuliwa.

Sasa miti. Mazoea ya kutaka mbao ngumu ya thamani kwa kila sehemu ya chombo ni ufujaji. Mkuku, mbao za chini na fashini, yaani nguzo za ncha za chombo, zinastahili mti bora. Sehemu za juu, za ndani na viti vinaweza kutoka kwenye miti inayokua haraka, mradi imekaushwa vizuri na inapata hewa. Na kuna hazina ambayo wafanyabiashara wa mbao huiacha msituni: tawi lililopinda. Taruma linalotoka kwenye tawi lililojipinda lenyewe lina nyuzi zinazofuata mkunjo kutoka ncha hadi ncha, na halipasuki kirahisi. Ukichonga mkunjo huo kutoka kwenye ubao ulionyooka unakata nyuzi njiani, unapoteza nusu ya ubao kwa maranda, na unapata taruma dhaifu. Siku hizi tukienda msituni tunabeba vigezo vya mbao nyembamba vilivyokatwa kwa umbo la mataruma, tunaviweka juu ya matawi ya miti iliyokwisha kuanguka au kukatwa na wengine, na tunachukua linalolingana. Kazi ni ya kuchosha. Lakini kuna vyombo ambavyo mataruma yake yote yametoka humo, bila mti hata mmoja kuangushwa kwa ajili yake.

Mikoko ina mataruma mazuri tayari yamejipinda, na kwa vizazi vingi mafundi wa pwani za joto wameitegemea. Mimi nimeipunguza karibu kuiacha. Kwenye mizizi ya mikoko ndiko samaki wengi na kamba huanzia maisha yao, na ndiyo inayoshika tope pwani isiliwe. Mvuvi anayenunua chombo kutoka kwangu anategemea samaki wale wale. Siwezi kumuuzia chombo kwa mkono mmoja na kumpunguzia samaki kwa mkono wa pili. Pale mikoko inapovunwa kwa utaratibu, kwa kibali, kwa zamu za maeneo na kwa kuachia miti mama, sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na mzigo unaoletwa usiku.

Maana mizigo hiyo ipo. Mfanyabiashara mmoja alikuja na mbao za mkangazi, pana, zimenyooka, bei yake chini kabisa. Nikamwomba karatasi za msituni. Akacheka, akasema karatasi hazielei baharini. Nikamwambia arudi na mzigo wake. Mteja niliyekuwa namuundia, ambaye alishaziona zile mbao, akachukua malipo yake ya awali akaenda kwa fundi mwingine. Hiyo ndiyo gharama yenyewe, na sitaki kumdanganya kijana anayeanza kazi kwamba haipo. Mwaka 2022, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilikubaliana kuiweka miti ya Afrika ya jamii za mkangazi, mbambakofi na mninga kwenye orodha ya pili, ile inayodhibiti biashara ya kuvuka mipaka. Maana yake ni kwamba mti wenyewe hauruhusiwi kusafirishwa nje bila kibali kinachothibitisha kuwa uvunaji wake hautamaliza ukoo wake. Mkataba huo haulindi kila mti unaokatwa na kutumika ndani ya nchi ile ile. Hapo anayelinda ni fundi, kwa kukataa.

Kupanda nako kuna mafunzo yake. Kwenye kisiwa cha Visingsö nchini Sweden, miaka ya 1830, serikali ilianza kupanda mialoni kwa wingi kwa ajili ya manowari za baadaye. Mwaka 1975 taarifa ikafika jeshini kwamba miti iko tayari. Meli za vita zilikuwa za chuma muda mrefu. Mimi sioni hasara katika habari hiyo. Msitu upo, na waliopanda walijua hawatauona umekomaa. Nawaonea wivu watu walioweza kufikiri kwa urefu huo.

Mbao ikishapatikana, ikaushwe. Mazoea ya mafundi wengi duniani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, kivulini, mbao zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili upepo upite. Mteja mwenye haraka hataki kusikia hayo. Ninamwonyesha ubao uliopigiliwa mbichi: jinsi unavyosinyaa, kalafati ya kuzibia nafasi za mbao inavyolegea, na kingo nyeupe za nje ya mti, ambazo zilipaswa kukatwa zote ukabaki kiini, zinavyogeuka unga mkononi. Akiushika mwenyewe huelewa upesi.

Kuhusu mafuta na rangi, wazee wetu hawakuwa wajinga, na pia si kila walichotumia kilikuwa salama. Mafundi wa Bahari ya Hindi walipaka shahamu na chokaa chini ya chombo na mafuta ya papa kwenye mbao za juu. Wa nchi za kaskazini walitumia lami ya msonobari na mafuta ya mbegu za kitani. Vitu hivyo huisha, hupakwa tena, na haviachi sumu kubwa. Lakini rangi nyekundu ya madini ya risasi, iliyopendwa sana na mafundi wa kila upande, ni sumu ya akili za watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Fundi anayekwangua rangi ya zamani huondoka na vumbi lake kwenye nguo, na kwake kuna mtoto anayemrukia mlangoni. Kwa hiyo chombo cha zamani hatukikwangui kikiwa kikavu. Tunalowesha, tunakwangua juu ya turubai, tunakunja turubai kuelekea katikati, tunazoa kila kipande na kukitia kwenye pipa lenye kifuniko. Nguo za kazi zinabaki gudini.

Mfano mkubwa wa madhara ya rangi ulitokea Ufaransa, kwenye ghuba ya Arcachon, ambako watu huishi kwa kufuga chaza. Rangi ya chini ya vyombo yenye kemikali ya tributilitini ilizuia uchafu wa bahari kuliko zote zilizotangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chaza wakaanza kuota magamba yaliyokunjamana na kushindwa kuzaa. Ufaransa ikaipiga marufuku kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na mkataba wa kimataifa wa kuikataza kabisa ulianza kutumika mwaka 2008. Kuanzia chaza wa Arcachon hadi marufuku ya dunia nzima ilipita zaidi ya robo karne. Simsubirii mtu robo karne aniambie ninachokiona chini ya chombo changu: mahali rangi inapokwanguliwa ovyo, kokoto za pwani hazina kitu kilichoshika juu yake.

Na oili chafu ya injini? Bado kuna wanaoipaka kwenye mbao kwa sababu haina gharama. Inanuka, inafukuza baadhi ya wadudu kwa muda, halafu inateremka majini mvua ya kwanza. Oili iliyotumika imebeba vumbi la madini na masalia ya moto wa injini. Gudini kwetu hairuhusiwi, na anayeileta anarudi nayo.

Niseme kidogo pia juu ya vitambaa vya mafuta ya kitani, kwa sababu hili linaua. Mafuta haya yakikauka hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa kinapoa, lakini vitambaa vilivyokunjwa na kurundikwa kwenye kona hushika joto mpaka vinawaka vyenyewe, bila kiberiti, mara nyingi usiku watu wameshaondoka. Gudi lililojaa maranda halina nafasi ya pili, wala nyumba za jirani hazina. Vitambaa vyetu hutundikwa kimoja kimoja kwenye kamba, au huzamishwa kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko. Mwanafunzi hagusi tezo, shoka la kuchongea, wala randa kabla hajaweza kunieleza kwa nini.

Vumbi la mbao lenyewe liliwekwa mwaka 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Wazee wengi walivuta vumbi hilo maisha yao yote. Barakoa tunavaa, hata kwenye joto, na mashine ya kusugulia haifanyi kazi upande wa upepo unaokwenda kwa majirani. Majirani wana haki hiyo. Tumekubaliana nao saa za kelele, na mabaki ya mbao zenye rangi hatuyachomi kamwe, hata kama yanamaliza nafasi. Maranda safi, yasiyo na rangi wala dawa, wanakuja kuyachukua wenyewe.

Lakini wajibu mkubwa kwa jamii unakaa ndani ya chombo chenyewe. Mtu alikuja kuunda chombo cha kubebea abiria, tukakubaliana vipimo. Kazi ikiwa katikati akasema, "Fundi, acha taruma moja kila baada ya mbili, tupunguze gharama. Na sitaha ipande kidogo, watu wakae juu." Nikamjibu, "Bwana, wanaokaa juu ndio wanaokipindua. Na mataruma unayotaka niyaache ndiyo yatakayokuwa yamekosekana siku ya wimbi." Alikasirika. Nikamchorea mstari ubavuni, mstari ambao maji yasiupite chombo kikiwa kimepakia, nikauchonga kwa patasi badala ya kuupaka rangi ili usifutike. Abiria hawajui kusoma mbao. Wanapanda kwa kuwa wanamwamini mtu ambaye hawajawahi kumwona, na mtu huyo ni mimi.

Ujuzi huu umepata heshima ya dunia. UNESCO imeutambua ufundi wa majahazi ya Kichina yenye vyumba visivyopitisha maji mwaka 2010, ufundi wa pinisi, vyombo vya tanga vya Sulawesi Kusini nchini Indonesia, mwaka 2017, na ule wa mashua za mbao zinazopandana za nchi za kaskazini mwa Ulaya mwaka 2021. Nilifurahi kila mara. Ila kinachoubakisha ufundi ni kijana anayelipwa. Mwanafunzi anayefanya kazi miaka bila malipo huondoka, na huondoka na alichojifunza. Tunawalipa kidogo tangu mwanzo, na vipimo vya kila chombo tunaviandika daftarini, jambo ambalo fundi aliyenilea asingelipenda, kwani yeye alipima kwa shubiri na dhiraa na kuweka kila kitu kichwani. Alipofariki, mengi yalikwenda naye.

Wapo wanaoniambia mambo yote haya yanamalizwa na faiba, ile plastiki yenye nyuzi za kioo. Faiba haina kuvu, kweli, na haikati mti. Lakini ikizeeka haiozi, haichomeki bila sumu, na kuirejesha kuwa kitu kingine ni kazi ngumu na ya gharama. Pwani nyingi zina maganda yake yametelekezwa. Nawaheshimu mafundi wa Lamu waliounda Flipflopi, jahazi la plastiki iliyookotwa, lililosafiri hadi Zanzibar mwaka 2019: walionyesha kwamba tezo na jicho la fundi vinaweza kufanya kazi hata juu ya taka. Hilo ni tofauti na kuikimbia mbao kwa kuwa hatutaki kuitunza.

Chombo kilichoko gudini sasa kinaeleza ninachomaanisha. Mwenye chombo alishauriwa kukivunja na kuunda kipya. Tulipoteremsha mbao za ubavu wa kushoto tukakuta kuoza kumeishia tezi, chini ya kisanduku kilichofunikwa bila tundu la hewa. Mkuku ni mzima. Zaidi ya nusu ya mbao zinarudi, na mataruma ya zamani, hata yaliyokufa, yametupa vigezo vya mapya. Gharama ni karibu na theluthi mbili ya kipya, na sehemu kubwa inakwenda kwenye mikono ya watu wanaofanya kazi badala ya magogo. Kisanduku tumekitoboa matundu mawili, omo na tezi yake, upepo upite. Bado tunahitaji mataruma mawili yenye mkunjo mkali wa tezi. Nimempelekea bwana misitu vigezo vyake, na amesema ana mti ulioangushwa na upepo ambao hakuna aliyeutaka kwa kuwa umepinda.